Gari Iliyochuchumaa

Gari ya marehemu Josaphat ilirudi kutoka garaji siku ya tatu ya juma, saa za mchana, na watu wa avenue yao huko Mudzipela, mutaa wa Bunia, wakaacha kazi kuja kuiangalia. Mama wa makala, yule muuza makaa, aliacha makala yake. Vijana wa moto, wale wa pikipiki, waliokuwa wanangojea abiria pale kwenye kona walizima injini, wakaja kwa miguu, na kumuona mutu wa moto akitembea kwa miguu si jambo la kila siku.

Gari haikuwa imepasuka mupira. Haikuwa imegonga mutu. Ilikuwa imekaa chini tu, kama mama anayechuchumaa kupepea jiko. Jogoo wa jirani, aliyezoea kupita chini yake akikimbia jua, alifika, akasita, akazunguka kwa mbali.

– Iko nini na hii gari? mama wa makala akauliza. Inagonjwa?

– Haigonjwe, mama. Ni mtindo, Aimé akajibu, akishuka na miwani yake ya jua.

Aimé alikuwa kijana wa marehemu Josaphat. Alikuwa anatengeneza simu katika kibanda kidogo karibu na barabara kubwa, na mu zile simu alikuwa ameona magari ya Kampala na ya Kinshasa yanayotambaa chini kama mijusi, yenye kung'aa, watu wakiyapigia makofi. Siku ya posho, yaani jumamosi, dada yake Prudence alikuwa anaolewa na Fabien, na Prudence alitakiwa kwenda kanisani mu gari ya baba yake. Aimé alitaka watu wapige makofi.

Mama yao, Charlotte, alitoka jikoni na mikono yenye unga. Aliitazama gari ya bwana yake kutoka mbele mpaka nyuma, akaizunguka, akarudi mbele.

– Aimé.

– Mama.

– Nilikutuma garaji juu ya nini?

– Kubadilisha mafuta ya injini.

– Mafuta wamebadilisha?

– Wamebadilisha, mama.

– Na miguu ya gari umeiachia nani?

Watu wakacheka mpaka mama wa makala akashika ukuta. Aimé akavua miwani.

Ukweli ni kwamba miguu hiyo ilikuwa imemuumiza Aimé rohoni. Siku jamaa ya Fabien walipokuja kwa maongezi ya mwisho, Gracia, dada ya bwana-arusi, alisimama mbele ya ile gari, akasema kwa sauti: "Aa, gari yenu imeinua kikwembe kama mama anavuka matope!" Wote walicheka. Prudence naye alicheka, kisha akaingia ndani kuchukua vikombe, na vikombe vikachelewa sana kufika. Aimé aliona.

Gari ilikuwa imeinuliwa na Josaphat mwenyewe. Alikuwa anapeleka maharagi Mongbwalu, na ile barabara haipendi gari lenye tumbo karibu. Basi alifanya kama kila mutu wa Bunia: alikata vipande vya mupira wa zamani, akavisokomeza ndani ya resori, vile vyuma vilivyojikunja kama nyoka juu ya kila gurudumu, gari ikasimama juu. Hapa kwetu magari yanainuliwa. Fundi Tharcisse alikuwa ameinua magari tangu hajaota ndevu, na hakuna mutu hata mumoja aliyewahi kumuomba kushusha. Aimé alipomuonyesha ile video, fundi aliiangalia mara tatu, akajikuna.

– Kushusha ni kuinua kwa kurudi nyuma, alisema. Siyo?

Aliondoa vile vipande vya Josaphat. Gari ikashuka. Wakaitazama, wakatazama simu. Bado. Tharcisse akaleta musumeno, akakata muzunguko moja wa kila resori, kisha nusu tena. Akafunga na janti pana, zile rimu za gurudumu, zilizotoka Uganda na gari lingine, ili magurudumu yajae. Wakarudi nyuma hatua chache, fundi na kijana, wakafurahi wote wawili. Ilikuwa nzuri kweli. Hakuna aliyekuwa ameketi ndani.

Koko Kahindo, mama ya marehemu Josaphat, alikuwa ameketi kwenye mukeka wake mbele ya mulango. Aliomba mukono, akainuliwa, akaja kuisukuma gari kwa kiganja kama mutu anayepima avoka imeiva ao bado.

– Kitendawili! alisema.

– Tega! avenue yote ikajibu, hata vijana wa moto.

– Niko na mutumishi wangu. Nikifika anainama. Nikienda anasimama.

– Mwanafunzi mbele ya mwalimu!

– Kitanda!

– Ni mukwe, Koko, mbele ya mama-mukwe! kijana mumoja wa moto akasema, wakacheka.

– Ni resori, Koko Kahindo akasema. Lakini huyu mutumishi wenu ameinama na mugeni bado hajafika. Akifika, atainama fasi gani tena?

Aimé aliingia nyuma ya volani, yaani usukani, kuingiza gari mu uwanja wa nyumba. Pale kwenye muingilio kuna kinundu cha udongo, cha kuzuia maji ya mvua, ambacho gari ilikuwa inakivuka miaka yote bila kujua kama kipo. Sasa tumbo lilipanda juu yake na kubaki. Magurudumu ya mbele yakazunguka hewani kidogo, yakanyamaza.

Na watu wa Bunia, wakiona gari imekwama, hawaulizi. Wanainua. Ni kazi ambayo watu wanaifanya wakicheka, hata mutu mwenye haraka. Kabla Aimé hajafungua mulango, mikono ilikuwa imejaa chini ya mabati.

– Moya! Mbili! Tatu!

Gari ikapanda juu kama kikapu cha mukate, watu wakapiga kelele ya furaha, na huko nyuma ndani kitu kikalia: teng! Kama mufuniko wa sufuria ulioanguka jikoni. Walipoishusha, ikakaa upande mumoja, kama mulevi aliyetafuta ukuta na hakuupata.

Tharcisse akaletwa na moto, mufuko wa spana mabegani. Akalala chini, akaangalia, akarudisha resori fasi yake, akatoka na vumbi kwenye ndevu.

– Nani aliinua?

– Siye bote, watu wakajibu kwa majivuno.

– Resori iko fupi sasa. Mukiinua gari, inabaki bila kushikwa, inaruka fasi yake. Musiinue tena hii gari. Hata kidogo.

– Na ikikwama? Charlotte akauliza.

Fundi akafikiri kweli.

– Isikwame, akasema.

*

Asubuhi yake Charlotte hakwenda sokoni. Alikuwa ameamka na hasira, hasira ya kumuamusha kijana na kumuuliza baba yake angesema nini. Lakini alimukuta Aimé ameshalala chini ya gari, miguu tu nje, na Tharcisse karibu yake, na wote wawili walikuwa wanabishana kwa sauti ndogo juu ya kelele ambayo gari ilitoa ikikata kona. Charlotte akatandika gunia, akajifunga kitambaa, akaingia chini upande wa pili.

Alikuwa hajaona tumbo la gari hata siku moja. Ajabu, kitu kimekulisha wewe na watoto miaka mingi, na hujui kikoje chini.

– Hii ni nini?

– Amortisere, mama. Inazuia gari isirukeruke. Sasa imebanwa, haina fasi ya kutembea.

– Na hii inayong'aa?

Tharcisse alisogeza kichwa aone. Pembeni mwa bati lililo juu ya gurudumu kulikuwa na ukingo uliokunjwa kwa ndani, na ukingo huo ulikuwa umesuguliwa mpaka unametameta.

– Njo kelele yetu, fundi akasema. Wakikata kona ya kushoto, mupira unalamba pale. Janti ni pana, zinatoka inje. Ukienda mbali, mupira unakatika.

– Basi ule ukingo tuukunje uende juu, Charlotte akasema. Kama pindo ya nguo.

Fundi na kijana wakatazamana.

Nyundo ilivunja rangi fasi walipoijaribu. Tharcisse akasema ingefaa kitu cha muviringo, kigumu, kirefu kama mukono, kiingizwe kati ya mupira na bati, halafu gari isukumwe polepole na kile kitu kijizungushe na kusukuma ukingo juu bila kupiga. Alijaribu bomba, likatereza. Alijaribu chupa, hatusemi ya chupa.

Charlotte aliingia jikoni, akatoka na muchi wa kinu. Ulikuwa wa Koko Kahindo, ulitoka naye Butembo, mweusi na laini kwa mafuta ya mikono.

– Huo umetwanga sombe ya ndoa zote za hii jamaa, Koko akasema kutoka mukekani. Gari bado haujatwanga. Muuoshe kisha.

Wakamwaga maji moto juu ya bati, rangi ilegee. Prudence aliketi ndani, akishika volani, kwa sababu yeye alikuwa mwepesi. Aimé na fundi walisukuma, Charlotte alishika muchi na mikono miwili, na muchi ukaanza kuzunguka, ukilia kidogo, na ukingo ukapanda juu taratibu, bila kupasuka. Walifanya gurudumu la kwanza, la pili, yote. Kisha Aimé akawasha injini, akakata kona ya kushoto uwanjani. Kimya. Ya kuume. Kimya. Prudence alipiga kigelegele peke yake ndani ya gari, akaona haya.

– Iko muzuri sana, Koko Kahindo akasema. Na batu bakiingia?

*

Watu wa kuingia walikuwa wanajulikana. Katika ile jamaa, binti akiolewa, anakaa nyuma mu gari katikati ya dada wawili za baba yake. Wao ndio wanamushusha mbele ya kanisa, wao ndio wanashika mukono wake na kuuweka mukononi mwa watu wa bwana-arusi, na baba anasimama karibu akikohoa tu. Kwa Prudence, baba hakuwepo. Shangazi wawili ndio walikuwa baba. Binti anayefika bila shangazi zake, watu wanasema amejitoa mwenyewe, hana kwao. Na neno hilo litamufuata kila siku atakapogombana na mawifi.

Shangazi mukubwa aliitwa Emerance, na mudogo wake Bénédicte. Walikuwa wamama wa biashara, wenye afya. Emerance alikuwa na afya zaidi.

Siku ya tano mchana, ndoa ikiwa kesho, Charlotte akafungua akiba yake ya maharagi.

– Aimé, weka mufuko moja huku. Huyu ni Bénédicte.

– Na upande wa pili?

– Ule mukubwa. Huyo ni Emerance.

– Mama, Emerance ni huyu tu?

Charlotte alipima kwa macho, akapigana na kicheko, akashindwa.

– Ongezea ule mudogo wa mihogo juu.

Prudence akaketi katikati ya mifuko, mikono magotini, kama bibi-arusi kweli. Gari ikashuka, ikashuka, ikapumua. Aimé akaondoka polepole. Walipofika kwenye kinundu cha muingilio, ambacho walikuwa wamekichimba na kukiacha chini, nyuma ikalia krrrr, na harufu ya mupira unaoungua ikaingia mpaka jikoni. Ukingo haukuwa na kosa tena. Sasa bati lote lilikuwa limeketi juu ya gurudumu.

– Rudisha vile vipande vya baba! Charlotte akasema.

– Tumerudisha, mama, tangu asubuhi. Resori ni fupi, haitoshi.

– Resori nyingine?

– Zinatoka Kampala. Ndoa itakuwa imeisha.

Tharcisse aliinama kuangalia, akapiga kelele kutoka chini:

– Punguza Emerance! Punguza Emerance kidogo tuone!

– Apunguzwe nani?

Sauti ilitoka muingilioni. Shangazi wawili walikuwa wamesimama pale na beseni la ndizi kwa ajili ya karamu, wote wawili wakiwa wameshika masikio ya beseni. Emerance akaachilia upande wake, Bénédicte akabaki na uzito wote, na Emerance akaja mpaka kwenye mulango wa gari, akaangalia ndani.

– Hii ni miye?

Fundi hakutoka chini ya gari.

– Na hii ndogo ya juu, ni nini yangu? Kichwa?

– Wifi, Charlotte akaanza, tulikuwa tunaangalia tu kama...

– Na mi ni mufuko gani? Bénédicte akauliza kutoka nyuma, akinyosha shingo. Akaonyeshwa. Akautazama. Huu? akasema, na ilionekana haukumukasirisha sana.

– Mama Aimé, sema wazi hapa mbele ya batu, Emerance akasema. Gari ya ndugu yangu njo inanikatala, ao ni weye?

– Si miye, wifi. Ni resori.

– Josaphat alinibeba mu hii gari na kitanda yangu, na masufuria, na batoto, tukikimbia vita. Haikulia. Leo amekufa, muke yake ananipima na maharagi.

– Dada, tafazali, ni kosa yangu, Aimé akasema. Alitaka kusema shangazi, ulimi ukakataa.

– Nyamaza. Weye umekata gari ya baba yako miguu.

Akageuka kwa Prudence, aliyekuwa bado kati ya mifuko na machozi yameanza.

– Siku ya posho, enda na hizo shangazi zako za mihogo. Padri akiuliza nani anatoa huyu binti, zitamujibu.

Wakaondoka. Beseni la ndizi lilibaki muingilioni. Bénédicte aligeuka mara moja kuangalia gari, akavutwa mukono.

*

– Nitaenda na moto, Prudence akasema. Moto moja, kwisha. Sitaki gari.

– Na moto ina shangazi? Charlotte akauliza.

Waliketi wote kwenye mukeka, maharagi yakiwa bado ndani ya gari kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuyashusha. Kukodi gari lingine kwa wale shangazi ilikuwa kazi rahisi. Jirani alikuwa na jeep. Lakini kumwambia Emerance apande gari la mutu wakati gari ya ndugu yake inapita mbele yake na viti tupu, ilikuwa sawa na kumufukuza kwa barua. Kuacha gari nyumbani, Gracia angesema waliona haya. Kuwapandisha shangazi, mupira ungepasuka kabla ya soko. Charlotte aligeuza mambo yale upande huu na ule. Akafunga kitambaa, akaenda kwa Emerance kuomba musamaha.

Emerance hakuwa nyumbani. Alikuwa garaji.

Alikuwa amemwacha Bénédicte njiani, akisema anaenda kutafuta chumvi. Koko Kahindo angeweza kuwaambia: huyu mutoto wake, tangu mudogo, akikasirika alikuwa anaenda, lakini jicho linabaki. Aliwahi kubomoa redio ya baba yake aone nani anasema mule.

Tharcisse alikuwa anaosha mikono na petroli alipoona kivuli kimejaa mulangoni. Akasimama sawasawa.

– Mama Emerance, mi nilisema tu jina walilonipa...

– Nionyeshe resori.

– Mama?

– Hicho kitu kinanikatala. Nataka nikione.

Alitafuta chini ya meza, akatoa resori moja nzima ya gari lingine, akaisimamisha kwenye simenti. Emerance akaivizia, akaizunguka. Akaiwekea mukono, akasukuma. Haikusikia. Akavua kiatu, akashika bega la fundi, akapanda juu yake na muguu moja, kisha wa pili. Resori ikashuka kidogo, ikamubeba.

– Ee, akasema kutoka juu. Hii inanikubali.

– Hiyo ni mupya, mama. Zile za Papa Josaphat zilikuwa zimechoka. Mongbwalu imezichokesha. Mi sikuangalia. Vile vipande vya mupira, nilizani viliinua gari tu. Kumbe vilikuwa vinabeba uchovu. Nikaviondoa, na juu ya uchovu nikakata.

– Vipande vile alikata nani?

– Yeye mwenyewe. Na kisu, hapa kwenye hii meza. Kila alipopata muzigo mukubwa alikuja kuongeza kimoja. Siku alipowabeba na vitanda aliongeza viwili.

Emerance alibaki juu ya resori, akishika bega la fundi, akiangalia ile meza.

– Kwa hiyo ilikuwa inalia, akasema.

– Ilikuwa inalia, mama. Alikuwa anaiziba.

Akashuka, akavaa kiatu. Hakusema asante, hakusema kwa heri. Chumvi pia alisahau.

*

Siku ya posho asubuhi gari ilikuwa imefungwa maua na utepe mweupe, nayo kwa kweli, ikisimama tupu, ilikuwa nzuri kuliko gari zote za avenue. Jeep ya jirani ilingojea nyuma yake na jamaa wengine. Prudence alisimama mulangoni mu nguo yake, akiangalia barabara juu ya vichwa vya watu. Saa ilipita. Aimé alipangusa kioo kisichokuwa na vumbi.

– Banakuja, mama wa makala akasema.

Walikuja wamevaa vikwembe vya rangi moja, vitambaa vya kichwa vimesimama, Emerance mbele. Hawakusalimia mutu. Charlotte alikwenda kuwapokea.

– Wifi...

Emerance alimupita. Akamufikia Prudence, akamushika mukono, akamuleta mpaka kwenye gari. Akafungua mulango wa nyuma. Akamuingiza, akakusanya nguo yake isibanwe, akafunga mulango. Yeye akabaki inje. Akaweka mukono wa kuume juu ya kishikio cha mulango. Akamwangalia Bénédicte, na Bénédicte akazunguka upande wa pili, akashika kishikio chake, bila kuuliza, uso wake ukiwa na maswali mengi.

– Shangazi, ingia, Aimé akasema, akitoa kichwa. Tutajaribu tu polepole...

– Endesha.

– Shangazi, ni mbali.

– Ulitaka batu bakuangalie. Endesha kama mutu anaangaliwa.

Gari ikaondoka kwa mwendo wa miguu. Shangazi wawili walitembea pembeni, mumoja kila upande, vichwa juu. Charlotte alipoona hivyo akashuka mu jeep, akaja nyuma, na wamama wengine wakashuka kwa sababu Charlotte ameshuka, na jeep ikabaki inafuata tupu na shofere wake akishangaa. Vijana wa moto wakazima honi. Watu walitoka madukani. Walikuwa wamezoea ndoa zinazopita mbio na vumbi na kelele, hata bibi-arusi humuoni. Hii ilipita mbele yako, ukaona nguo, ukaona maua, ukaona uso wa binti na mukono wake uliotoka dirishani kushikilia kidole cha shangazi yake. Wengine walivua kofia, bila kujua kwa nini. Mbele ya mufereji, Aimé alikata kwa pembeni kama alivyofundishwa, gurudumu moja kisha jingine. Tumbo lililamba udongo kidogo. Wamama walipiga kigelegele pale pale.

Jamaa ya Fabien walikuwa wameshafika. Gracia alisimama mbele yao, simu mukononi, akipiga picha, na alipoona vumbi kwenye viatu vya Emerance, akacheka.

– Bashangazi banatembea kwa miguu? Gari imebakatala?

Prudence, ndani, alikaza kidole cha shangazi yake. Charlotte alifunga macho. Bénédicte alimuangalia dada yake.

Emerance alikuwa anavuja jasho mpaka shingoni. Alichukua muda wake. Alifungua mulango, akamushusha binti, akamunyoosha nguo, kisha akajibu kwa sauti ambayo hata padri mulangoni aliisikia.

– Kwenu baba ya binti akikufa, mashangazi banakaa?

Gracia akashusha simu.

– Kwetu hatukae, Emerance akasema. Baba yake amelala. Siye tutakaaje? Kutoka mulango yake mpaka hapa, tunasimama.

Mama ya Fabien, muzee wa watu, alikuwa bado ameketi mu gari yao akingoja kufunguliwa. Alifungua mwenyewe, akashuka, akaja na miguu yake mibovu mpaka pale, akapokea mukono wa Prudence kutoka mukono wa Emerance, na akainama kidogo mbele ya yule shangazi. Nyuma ya watu, Charlotte alikuwa anamutazama Koko Kahindo, aliyekuwa na miaka mingi ya kufikisha mabinti kwenye ndoa. Hakuna hata siku moja jamaa yao ilikuwa imefanya namna ile. Koko alikuwa anaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mutu anayesikia jambo la babu zake.

*

Resori zilifika kutoka Kampala mvua ilipokuwa imeanza. Tharcisse alizifunga bure, janti pana zikatolewa, na gari ikarudi kwenye urefu wake iliotoka nao kwa walioitengeneza. Emerance ndiye aliyepanda wa kwanza. Alikaa, akaruka kidogo kwenye kiti, akasikiliza, akasema: "Endelea."

Miezi ikapita. Siku ya posho moja alikuwa amekuja kumuona mama yake, wako wote wawili kwenye mukeka, wanakula karanga, ndoa ikapita mbele ya nyumba. Haikuwa ndoa ya jamaa yao, wala ya watu waliowajua. Watu wa avenue nyingine, baba ya binti akitembea mbele, muzima, na suti. Nyuma yake ilikuja jeep kubwa, ndefu, yenye viti ambavyo shangazi kumi wangeketi, na ndani bibi-arusi peke yake. Wamama wawili walitembea pembeni, mumoja kila upande, wakitoka jasho, wakishika milango. Vishikio vilikuwa juu sana. Ilibidi wanyooshe mikono kama watu wanaochuma mapera.

Koko Kahindo akamuita mumoja wa wale wanaofuata.

– Mama, mbona bale hawapande?

– Njo desturi, Koko, yule mama akajibu, akishangaa muzee asiyejua. Ni ya tangu zamani.

Koko aligeuza kichwa polepole kumuangalia binti yake. Emerance alimaliza karanga iliyokuwa mudomoni, akapangusa mikono kwenye kikwembe, akanyanyuka mpaka muingilioni, akamutazama yule shangazi wa karibu kutoka juu mpaka chini.

– Mama! akaita. Si mukono huo. Ni wa kuume!

Yule mama akabadilisha mukono haraka, akaomba radhi.

– Na musiangalie nyuma, Emerance akaongeza.